Grama ya SAT: acha kuchagua kwa sikio, tafuta kiima

Mkuu umeuliza inakuaje Kiingereza unaongea fresh tu lakini maswali ya grama ya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani, yanakuangusha. Mi nimeshaufanya huo mtihani na sasa nawanoa madogo wanaojiandaa, na ninachokiona kila siku ni kwamba watu wanachagua jibu kwa sikio. Watunzi wanajua sikio linapenda nini, mtego wanautega hapo hapo.

Cheki hii: "The list of candidates who passed both interviews ___ on the wall." Sikio limesikia candidates, likasikia interviews, linakimbilia "are". Sasa jiulize, kilichopo ukutani ni nini? Ni list, tena moja, kwa hiyo ni "is". Ruka kila kipande kinachoanza na of, in, with, who, mpaka kiima na kitenzi chake wabaki wawili tu. Kwa Kiswahili hukosei hata usingizini, nani anasema "orodha ya majina zimebandikwa"? Akili ni ile ile.

Halafu koma, hapa ndo wengi wanaliwa. Sentensi mbili kamili haziungwi na koma peke yake, "The bus was late, we missed the exam" ni kosa, weka nukta, au nukta mkato (;), au koma kisha so. Na "however" usiichukulie kama but, ikianzisha sentensi kamili ya pili inataka nukta au nukta mkato kabla yake na koma baada yake. Ukiona majibu mawili yanatofautiana kwa nukta na nukta mkato tu, mengine yote sawa, futa yote mawili, maana zinafanya kazi moja na jibu sahihi ni moja tu.

Its na it's sio ya kupotezea muda, soma "it is" au "it has", ikikubali weka apostrofi, ikikataa toa.

Muda sasa. SAT ya kompyuta ina maswali 54 ya kusoma na kuandika kwa dakika 64, imekatwa vipande viwili, na kila kipande grama inakuja baada ya maswali ya ufahamu, unafika umechoka. Ndani ya kipande unaruhusiwa kurukaruka, so madogo wangu nawaambia waanze na grama, wakishamaliza ndo warudi kwenye vifungu.