Barua kwa Mwanangu Aliyeniuliza Kuhusu Mioyo Miwili

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Ama baada ya salamu, barua yako imefika nami nimeisoma mara tatu. Unauliza imekuwaje mama yako, aliyewalea kwa neno moja la "jikaze", leo anaketi na watu wazima akiwauliza sehemu zao za ndani zinaogopa nini. Na unauliza, kwa ukali wa daktari kijana, kama hiyo ni tiba au ni uganga uliovalishwa koti jeupe. Nitajibu yote mawili, ila swali la kwanza ndilo ninalodaiwa zaidi.

Unakumbuka nilikuwa mwalimu. Mwaka 2001, viboko vilipopigwa marufuku katika shule za Kenya, mwalimu mkuu aliniita, akanikabidhi ufunguo wa stoo ya vitabu na kuniambia kwamba tangu Jumatatu ile mimi ndiye mwalimu wa unasihi. Sikuwa nimesomea ushauri hata siku moja. Nadhani nilichaguliwa kwa kuwa nina sauti ya chini. Watoto waliokosa waliletwa stoo, wakaketi juu ya maboksi ya chaki, nami nikawasomea makosa yao kwa upole mpaka wakalia, kisha nikajisifu kwamba wameelewa. Bakora yangu ya henzirani ilikuwa imetoka mkononi tu.

Nilipokwenda kusomea ushauri nasaha, jioni baada ya kazi, nyinyi mkiwa kwa bibi yenu, nilifundishwa tiba ya fikra na tabia, ambayo sitaibeza, kwa sababu nimeiona ikiwafungua watu waliokuwa hawathubutu kupanda matatu wala feri ya Likoni. Lakini mikononi mwangu nayo iligeuka bakora. Mteja akisema "mimi sifai kitu", nilimdai ushahidi kama wakili, nikaupangua mmoja mmoja, na mara nyingi alitoka chumbani ameshindwa kesi na bado anaamini kwamba hafai.

Aliyenisimamisha ni kijana mmoja, ambaye habari zake nimezibadilisha ili asitambulike. Alikuwa akitafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, usiku kucha, na mama yake alinisihi nimwachishe. Tuliandika mpango, tukachora jedwali la siku, akaacha kwa siku kumi na saba. Siku ya kumi na nane alitoweka, akarudi miezi mitatu baadaye amekonda na anatafuna kuliko zamani, akaniuliza kwa nini sikuwahi kumuuliza akilala huona nini. Ni kweli, sikuwahi. Nilikuwa na jedwali.

Mwaka 2020, corona ilipotufungia ndani na mafunzo ya mbali yakawa rahisi kupatikana, nilijiunga na kozi ya tiba ambayo kwa Kiswahili naiita Mfumo wa Familia ya Ndani (kwa Kiingereza Internal Family Systems). Mwanzilishi wake, Richard Schwartz, alikuwa mtaalamu wa tiba ya familia huko Chicago. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akiwahudumia vijana wenye bulimia, yaani ugonjwa wa kula kupita kiasi na kisha kujitapisha, akiamini kwamba mahusiano ya nyumbani yakirekebishwa dalili zitakoma. Kwa baadhi yao nyumba zilitengemaa na kutapika kukaendelea. Alipowauliza kulikoni, wakaanza kumsimulia ugomvi uliokuwamo ndani yao wenyewe: mmoja anatukana, mwingine analia, wa tatu anakimbilia chakula ili kelele zinyamaze. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba aliwahi kuibana sehemu ya ndani ya mteja wake, ile iliyokuwa ikimfanya ajichanje mwili, asikubali kumaliza kikao mpaka iahidi kuacha. Kikao kilichofuata mteja akaja na jeraha kubwa usoni. Hapo Schwartz akasalimu amri, akauliza tu kwa nini inamfanyia hivyo, nayo ikaanza kujieleza. Nilikisoma kisa hicho jikoni, nikaunguza wali, nikamwona kijana wangu wa muguka.

Wanavyoeleza ni hivi: ndani ya mtu zipo sehemu zilizobeba maumivu ya zamani, nyingi zikiwa bado na umri wa kitoto, ambazo hufungiwa ili maisha yaendelee. Wapo wasimamizi, wanaopanga, wanaohimiza na wanaolaumu, ili maumivu hayo yasiguswe kamwe. Na wapo wazimamoto, wanaoingia maumivu yakishaguswa, ambao huvunja mlango na kumwaga maji bila kujali zulia. Muguka ulikuwa kazi ya mzimamoto, na mimi nilimfukuza bila hata kuuliza moto uko wapi. Zaidi ya hao yupo mmoja asiyekuwa sehemu, mtulivu, mdadisi na mwenye huruma, ambaye wanasema haharibiki kwa lolote lililompata mtu. Kazi ya mshauri ni kumsaidia huyo azungumze na wengine. Mshauri hachukui nafasi yake.

Schwartz humwita huyo "Self", neno ambalo kamusi itakuambia ni nafsi, na hapo nilipata taabu, kwa kuwa huku kwetu nafsi ndiyo tunayoambiwa tupigane nayo jihadi. Nilikumbuka darsa za masheikh juu ya nafsi iamrishayo maovu katika Surat Yusuf, nafsi ijilaumuyo katika Surat al-Qiyama na nafsi iliyotulia katika Surat al-Fajr, nikafurahi nikidhani nimeletewa tafsiri mlangoni. Kisha nikaona kwamba wanavyozifundisha hizo ni hali za nafsi moja inayopanda na kushuka, si wakazi wanaoishi pamoja wakati mmoja, nikaacha kuchanganya. Siku hizi nasema "mwenyewe", kama tubishavyo hodi tukauliza mwenyewe yupo? Sehemu naziita mioyo, kwa kuwa wateja wangu walisema hivyo kabla yangu: moyo mmoja waniambia nende, wa pili waniambia nikae. Hakuna niliyelazimika kumfafanulia zaidi ya hapo.

Kozi ile ilitutaka tukae kwenye kiti cha mteja kwanza, kwa hiyo nami niliketi mbele ya simu, mwenzangu wa darasani akiniongoza. Nilimkuta ndani yangu mwalimu mwenye henzirani, nikataka aondoke siku hiyo hiyo. Mwenzangu aliniuliza ninamwonaje. Nikamjibu kwamba namchukia. Akaniambia kwamba hata huyo anayechukia ni moyo mmojawapo, nimwombe apishe kidogo. Ilichukua majuma. Mwalimu yule alipokubali kusema alinirudisha kwenye ukumbi wa nyumba ya babu yako, siku ya mazishi yake, nikiwa na miaka tisa, kifungua mimba, shangazi mmoja ameniinamia akiniambia kwamba mimi nikilia wadogo zangu watafanyaje. Sikulia. Tangu siku hiyo akawa na kazi, naye ameifanya bila likizo kwa zaidi ya miaka arubaini. Uliponiona nikihesabu sahani siku ya khitma ya baba yako, macho makavu, nikikuagiza ufute machozi uende kupokea wageni, ukanikasirikia kwa mwaka mzima, uliyekuwa ukimwona ni yeye. Simtumii kama udhuru. Mdomo ulikuwa wangu, na ninakuomba radhi.

Kuhusu uganga, swali lako halina ujinga, kwani mama wa mteja mmoja ameshaniuliza kama ninatoa majini. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuona pepo akipungwa: mganga alimuuliza jina lake, ametoka wapi na anataka nini, naye kupitia kwa kiti wake, yaani mtu aliyempanda, akataja marashi na ubani, wakapatana. Kufanana kupo na sioni haya kukukiri, kwa sababu yule mganga alijua jambo ambalo mimi sikulijua na stashahada yangu, kwamba kinachosumbua huulizwa haja yake kabla ya kuamriwa. Lakini pepo ni mgeni aliyeingia kutoka nje, ilhali moyo ninaouzungumzia ni mtu wa nyumbani ambaye hatolewi popote. Hubadilishiwa kazi tu. Tena ninayo mipaka. Anayesikia sauti zikimwamrisha kutoka ukutani, au aliyekesha siku nne akijiona mtume, simwulizi habari za mioyo. Huyo nampeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, na wewe ungefanya vivyo hivyo.

Ushahidi bado ni mchache, na wanaotangaza kwamba tiba hii inaponya kila kitu wananiudhi. Upo utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, ambapo wagonjwa 79 wa baridi yabisi waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa tiba hii kwa miezi tisa na wengine mafunzo tu juu ya ugonjwa wao. Waliopewa tiba waliripoti maumivu machache ya viungo na huzuni iliyopungua, na mwaka mmoja baadaye nafuu hiyo ilikuwapo bado. Ni kundi dogo, na nafuu ya maumivu ni kauli ya wagonjwa wenyewe; najua utakavyoipekua. Wapo pia wanaohofia kwamba mshauri asiye makini anaweza kumpandikizia mtu kumbukumbu ambazo si zake, na hofu hiyo ninaiona ni ya haki, ndiyo maana siku hizi ninauliza maneno machache na kungoja sana. Kama sehemu hizi zipo kweli ndani ya ubongo au ni namna ya kusema tu, mimi sijui, wala sioni kwamba yule kijana alihitaji nijue. Nilimuuliza ule moyo wake wa muguka unaogopa nini. Akakaa kimya, kisha akanisimulia usiku mmoja baharini, na mtu ambaye hakuweza kumvuta. Bado hutafuna siku nyingine. Analala.

Mwisho, umeandika pembeni ya karatasi, kwa herufi ndogo, kwamba moyo mmoja wataka kuja nyumbani Idi na mwingine hautaki hata kuiona ile nyumba. Mimi ni mama yako, siwezi kuwa mshauri wako, na sitauchokonoa ule wa pili. Ikiwa unataka kusema na mtu, nitakupa majina mawili huko Nairobi ya watu wasionijua vizuri. Chumba chako cha juu kimepakwa chokaa na kitanda cha baba yako nimekihamishia kwa mdogo wako. Ukija kwa basi la usiku, nijulishe saa, nitakuwa macho. Usipokuja nijulishe pia, nipunguze nyama.

Wako,
Mama