Chayoti ikitoa ulimi usiitupe

Msomaji mmoja kaniandikia juzi: "Dada, chayoti zangu zimetoa kitu kama ulimi, nimezitupa zote. Nimepigwa sokoni?" Hujapigwa, mdogo wangu, huo ulimi ni chipukizi. Umetupa mboga na mbegu kwa mpigo.

Chayoti, lile tunda la kijani la jamii ya maboga tunalopika kama mboga, ina mbegu moja tu, bapa, na huchipua ikiwa humohumo ndani ya tunda, wakati mwingine tunda lingali linaning'inia shambani. Likishachipua limekomaa, nyama yake inaanza kuwa na nyuzi, ila si sumu. Ukiwahi, menya, toa mbegu, pika. Ukichelewa, lifukie lote kwa ubavu, chipukizi lichungulie juu, pembeni ya uzio. Uzio uwe imara kweli, maana mmea wake hutambaa na kupanda juu; uzio wangu ulilala chini na mparachichi wa jirani ukageuka shamba langu.

Nilipoanza kuziuza nilipeleka kreti moja mgahawani mjini. Mpishi mkuu akaibonyeza moja kwa kidole gumba, akacheka mbele ya vijana wake: "Mama, hiki chakula cha wagonjwa, maji matupu." Nikajitwisha kreti langu mpaka stendi, jua la saa saba. Sijasahau. Leo mgahawa uleule unaagiza kwangu, na bei hawapunguziwi hata shilingi.

Maji ni mengi kweli, kama asilimia 94. Lakini gramu 100 za chayoti mbichi zina kalori 19 tu, na foleti, ile vitamini B inayohitajika sana wakati wa ujauzito, mikrogramu 93 hivi, karibu robo ya anayohitaji mtu mzima kwa siku. Wajawazito mnisikie hapo, na vidonge vya kliniki mmeze vilevile. Shida yenu ni kuchemsha mpaka inalegea, kisha maji mnamwaga, na foleti imeondoka nayo! Kata nyembamba, kaanga na kitunguu na karoti, tia tui jepesi, epua ingali inalia menoni. Hata mbichi kwenye kachumbari yenye ndimu inakubali. Wanaotangaza kwamba inatibu kisukari waacheni. Wanga wake ni kidogo, basi, dawa si dawa.

Sokoni chagua ndogo, ngumu, yenye ngozi nyororo. Kubwa lenye makunyanzi liache hata ukibembelezwa, na uangalie ule mkunjo wa kitakoni: ukiwa umeanza kufunguka, ulimi uko njiani.

Imenye ndani ya bakuli la maji, kwa sababu utomvu wake unanata na unakausha vidole hadi vinababuka ngozi.

Kwenye friji ziweke droo ya mboga bila kuziosha, ndani ya mfuko wenye matundu, nazo zitakaa wiki mbili au zaidi. Usizibandike kwenye barafu, zitaingia madoa ya kahawia. Asiye na friji atafute pembe yenye giza na hewa, anunue za siku chache. Kuna watu hubeba ndoo nzima kwa kuwa bei imeshuka, halafu wiki ya pili wanakuja kumtukana muuzaji. Mimi hao siku hizi nawauzia nne nne.