Tangi la petroli linalovuja kwenye gari la zamani la paa la turubai

Ndugu, kama tangi la petroli la gari lako umeshaliziba kwa gundi na bado linavuja, na filta ya mafuta inajaa unga wa kutu, achana na viraka. Badilisha tangi. Na asikudanganye mtu kulichomelea: hata likiwa tupu, mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Toa waya hasi wa betri kwanza, toa mafuta yote, fanyia kazi nje. Usiingie chini ya gari kwenye shimo la gereji, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama humo.

Kabla ya kufunga jipya, tafuta kilicholiozesha la zamani. Magari ya paa la turubai huingiza maji hadi kwenye buti, na vitambaa vilivyo chini ya mikanda ya tangi hukaa na unyevu miezi. Weka vya mpira. Badilisha pia mipira yote ya mafuta (ile ya zamani haipatani na petroli yenye ethanoli), filta na gasketi ya floti (kielea cha ndani ya tangi kinachopima mafuta). Waya wa arthi wa floti usiusahau, la sivyo geji ya mafuta itakudanganya. Tia lita chache, kagua maungio, ndipo ujaze.