Taa ya akwariamu kufifia na mosfeti kuchemka

Ndugu, kama unaendesha taa ya akwariamu kwa Arduino (kompyuta ndogo ya kuprogramu) na stripu yako ya LED ya 12V inawaka kinyonge hata ukiweka PWM 255, yaani mwanga wa juu kabisa, na mosfeti (swichi ya kielektroniki inayowasha stripu) inachemka mpaka huwezi kuigusa, shida si programu uliyoandika, shida ni hiyo mosfeti aina ya IRF540. Ile inataka kama volti 10 kwenye geti (mguu wake wa kupokea amri) ndo ifunguke vizuri na Arduino inatoa 5 tu, kwa hiyo inabaki imefunguka nusunusu na umeme mwingi unaishia kuwa joto pale pale. Tafuta IRLZ44N, hiyo herufi L ndo ya kuangalia, inafunguka kwa 5V bila shida na miguu imepangwa vilevile, unatoa ile unaweka hii. Ongeza resista ya 10k kutoka geti kwenda graundi ili taa zisijiwashe Arduino ikiwa bado inaanza, na graundi ya adapta na ya Arduino lazima ziungane.

Saa ya kuwasha na kuzima taa nayo usiiachie millis, ile hesabu ya muda ya Arduino yenyewe. Hapa Kampala umeme ukikatika tu hesabu inaanza upya na samaki wanapata alfajiri saa nne usiku, maskini, nunua DS3231, kisaa cha kielektroniki chenye betri yake. Mwanga uongezeke taratibu kwa nusu saa hivi maana ukiwasha ghafla wanashtuka sana, masaa 8 kwa siku yanatosha, ukizidisha utalea mwani.

Halafu tafadhali waya ya adapta iteremke chini ya soketi kwanza ndo ipande, maji yakitiririka juu yake yadondoke sakafuni yasiingie kwenye 240V.