Longonot na Hell's Gate kwa siku moja?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukifika Nairobi ujiunge na kundi la kupanda mlima wa volkano wa Longonot na kushuka korongo la Hell's Gate, hifadhi ya wanyama iliyo karibu nao, siku hiyo hiyo. Mie naona ni mengi mno. Longonot ina mita 2,776, na kuuzunguka ukingo wa kasoko, lile shimo la volkano kileleni, ni kilomita saba na zaidi, panda shuka, vumbi laini linateleza chini ya kiatu. Sisi wa Unguja tumezoea usawa wa bahari, pumzi itakukata mapema, na kundi halitakusubiri. Chukua Hell's Gate peke yake, ukodi baiskeli upite karibu na pundamilia. Ila mvua ikitanda, hata mbali, usishuke korongoni: mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba mle.