Kauli ya Kutendwa na Habari Isiyo na Mtenda

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Mkuu wetu ametuagiza tuingize teknolojia na elimu ya kuchambua habari katika vipindi vya lugha. Muhtasari umejaa, projekta ni moja, na wanafunzi wananizidi kwa kupekua simu. Nitaanzia wapi?
Mwalimu Mwenye Mashaka

JIBU: Ndugu Mwalimu, usitafute kipindi kingine, anzia kwenye sarufi unayoifundisha tayari. Andika ubaoni "Police shot a protester", na chini yake "A protester was shot", kisha uliza ni nani aliyefyatua risasi. Sentensi zote mbili ni sahihi, na huenda zinaeleza tukio lilelile, lakini ya pili haijibu swali hilo, kwa sababu Kiingereza, kama Kiswahili kinaposema "alipigwa risasi", kinaruhusu mtenda aachwe. Mwandishi aliyemwacha pengine bado hamjui. Pengine anamjua na anamficha. Darasa likibishana juu ya hilo kwa Kiingereza, litakuwa limepata sababu ya kuijua kauli ya kutendwa, sababu ambayo zoezi la kugeuza sentensi kumi halijapata kumpa mtu yeyote.

Vitenzi visaidizi navyo vina kazi hiyohiyo. Mwanafunzi anapofasiri habari za afya huruka "could" na "may", na dawa ambayo huenda ikatibu inageuka dawa inayotibu.

Kuhusu simu, usijione mnyonge, kwa maana wepesi wa vidole si ujuzi wa kupima habari. Mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jinsi wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wakaguzi wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho walivyopima tovuti. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walibaki ndani ya ukurasa uleule, wakashawishiwa na nembo na majina ya tovuti yenye sura ya kiofisi. Wakaguzi walitoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kuona watu wengine wanasema nini juu ya wenye tovuti ile. Kwa sisi tuliozoea kuhimiza kusoma kwa makini hadi nukta ya mwisho, matokeo hayo yanauma kidogo, ila ndiyo kazi halisi ya kusoma kwa kupitia harakaharaka, stadi ambayo kwa kawaida tunaigusa na kuipita. Projekta moja inatosha: onyesha orodha ya matokeo ya utafutaji, na kabla hujabofya lolote, darasa likueleze kwa Kiingereza lingefungua lipi na kwa nini.

Jambo moja liache kabisa, nalo ni kuwaambia wanafunzi kwamba uongo hutambulika kwa Kiingereza kibovu. Ushauri huo ulikuwa na mashiko zamani kidogo. Leo programu za akili unde huandika uongo kwa tahajia safi na sarufi isiyo na doa, na mwanafunzi aliyefundishwa kuheshimu Kiingereza kizuri ndiye atakayenaswa kwanza.

Kwa vipindi vya mwanzo, chagua habari ambayo ukweli wake umekwisha kuthibitishwa, ili mabishano yakienda mrama uwe na pa kuyarudisha. Habari za jana asubuhi zisubiri mpaka wewe mwenyewe uzoee.