Muulize Fundi: Kompaila ya bure imenigomea, ninunue leseni?

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Niko Majengo, Moshi. Natengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga. Ubongo wake ni chipu ya PIC16F877A na joto linapimwa na kihisi cha LM35. Naandika kwa mikroC ya majaribio, yaani kompaila inayogeuza programu niliyoandika kuwa maelekezo ya chipu. Taa na feni zilikubali vizuri, ila nilipoongeza joto lenye nukta kwenye LCD (kioo cha kuonyesha namba), kompaila ikagoma, eti nimefika kikomo cha majaribio. Mbona chipu haijajaa? Kuna jamaa stendi anauza mikroC iliyovunjwa leseni, flashi shilingi elfu kumi. Nichukue? Kodi yangu, yaani programu niliyoandika, nimeambatanisha.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Flashi iache hukohuko stendi. Mwaka juzi nilinunua ya namna hiyo hapa Arusha. Programu ilifunguka, sikatai, ila mafaili ya wateja kwenye kompyuta ya karakana yakageuka shotikati tupu kwa virusi. Nililala karakanani siku mbili.

Ni kweli chipu haijajaa. Ina nafasi ya maneno 8,192 ya programu (neno moja ni kama elekezo moja la chipu), lakini mikroC ya majaribio inakuachia 2K tu, yaani 2,048, robo yake. Umepanga nyumba ya vyumba vinne, umepewa ufunguo wa kimoja. Ukilipa, kompaila ni ileile. Kinachoondoka ni kufuli.

XC8, kompaila ya Microchip, wenye chipu yenyewe, inabana kwingine. Ya bure haina kikomo cha ukubwa, na mashine yako ruksa kuiuza. Wanaolipia toleo la PRO wanapata viwango vya juu vya kuboresha kodi, O3 na Os. Hiyo Os ndiyo inayoifinya programu iwe ndogo. Ubaya wake, amri za LCD ulizozoea kwenye mikroC humo hamna. Utaziandika mwenyewe.

Kabla hujahama, nimepitia kodi yako. Mlafi ni float, aina ya namba zenye nukta. Chipu hii haina hata saketi ya kuzidisha, kwa hiyo kila hesabu ya nukta inabebewa rundo la maelekezo. Na wala huihitaji! LM35 inatoa milivolti 10 kwa kila digrii, basi milivolti 1 ni sehemu ya kumi ya digrii. Chukua usomaji wa ADC (sehemu ya chipu inayogeuza volti kuwa namba), zidisha kwa 5000, gawanya kwa 1024 (ikiwa umeme wako wa rejea, yaani volti ambazo ADC inalinganisha nazo, ni volti 5). Tumia long, aina ya namba nzima kubwa, maana int, iliyo ndogo, itafurika. Ukisoma 77 unapata 375. Andika 37 kwenye LCD, weka nukta, malizia na 5: hiyo ndiyo 37.5, joto la mayai ya kuku.

Ila angalia, hatua moja ya usomaji huo ni karibu nusu digrii, pana mno kwa mayai. Shusha umeme wa rejea wa ADC, na ile 5000 uibadilishe iwe milivolti za rejea mpya. Hapo leseni haikusaidii.

Futa float, kompaili upya, uniandikie imekula maneno mangapi. Ikigoma tena, hamia XC8.